Shangazi Hana Namba

Kazi ya kaka mtu ilikuwa rahisi kuieleza. Alikuwa mpima ardhi. Mgeni akiuliza, mama yao alinyoosha kidole dirishani na kusema, "Ule mpaka wa pale aliupima mwanangu," na mgeni akaliona jiwe kwa macho yake mwenyewe. Kazi ya Kitindamimba ndiyo iliyomtoa mama jasho.

Mama huyo watu wa mtaani walimwita Mwalimu Mkuu. Alikuwa ameongoza shule ya wasichana mpaka alipostaafu, na tangu mumewe afariki aliiongoza nyumba vilevile: viatu mlangoni, sauti chini, na jina la familia likiwa safi kama shuka la mgeni. Hakuwa mtu wa kushindwa kueleza jambo. Kwa hiyo aliwaambia wageni, "Binti yangu anatunga sheria."

"Bungeni?"

"Hapana. Za ujumbe."

Mgeni alibaki ameshika kikombe, akisubiri yaliyosalia. Hayakuwepo yaliyosalia. "Chukua biskuti," alisema Mwalimu Mkuu.

Kitindamimba mwenyewe alieleza vizuri zaidi, ila alieleza akiwa amesimama, huku mikono inaruka, na vikombe vilikuwa hatarini. Alisema ni kama posta isiyo na mwenyewe. Watu wa nchi nyingi, wasiojuana hata kwa sura, wanakubaliana bahasha iandikwe nini na barua ipite wapi. Wakishakubaliana, kila mtu yuko huru kujenga posta yake, na barua ikitoka kwa huyu inafika kwa yule bila kuomba ruhusa ya tajiri yeyote. Makubaliano hayo ndiyo itifaki huria. Yeye alipewa kipande kimoja tu cha kuandika: watu wakikaa kundi moja wanazungumza, kila mshiriki awe na anwani gani?

"Si jina lake tu?" aliuliza kaka mtu.

"Ndivyo ninavyosema na mimi!" Kitindamimba alimbusu shavuni kwa furaha.

Aliyekataa alikuwa Ndevu. Walifanya kazi chumba kimoja, juu ya duka la miwani, meza mbili zikitazamana na waya zimejaa sakafuni. Ndevu alikuwa na ndevu, na hilo lilitosha kwa jina. Alizungumza taratibu kama mtu anayeteremka ngazi gizani.

"Jina ni nguo," alisema Ndevu. "Mtu anaivua, mwingine anaivaa. Wewe utamfuata mtu au utaifuata nguo?"

"Na wewe unataka watu waitwe nini? Herufi na tarakimu, kama magunia bandarini? Nani atamwandikia mama yake 'k7m2q, umeamkaje'?"

"Sijasema waitwe. Nimesema anwani iwe hivyo."

"Sikia, Ndevu. Anwani yangu inasomeka. Jina la chumba, kistari cha mshazari, jina la mtu. Mtoto mdogo ataielewa. Yako itaeleweka na mashine tu."

Alimshinda kwa maneno, maana kwa maneno hakuna aliyemweza, na Ndevu akashuka kwenda kununua chai. Kitindamimba alicheza kidogo katikati ya waya. Ilibaki kuijaribu anwani yake kwa watu halisi, na bahati ilioje, watu halisi alikuwa nao tele: kaka mtu alikuwa anaoa.

Binti aliyempenda kaka alikuwa muuguzi mpole, aliyelelewa na shangazi yake tangu ana meno ya maziwa. Shangazi huyo alikuwa na saluni, na neno lake ndilo lililokuwa neno. "Akisema ndiyo, ni ndiyo," muuguzi alimwonya mchumba wake. "Akisema hapana, mimi nitalia, ila itabaki hapana." Jumamosi ndiyo angekuja kwa Mwalimu Mkuu, akae sebuleni, atazame watu na mambo yao, kisha atoe neno. Kaka mtu alikuwa ameanza kukosa usingizi.

Kitindamimba aliwafungulia chumba cha maongezi kwenye kompyuta ndogo iliyokuwa stoo, kati ya ndoo na mwavuli uliovunjika, akakiita "harusi". Wakaingia mmoja mmoja: harusi/MwalimuMkuu, harusi/Kaka, harusi/Shangazi. Yalipendeza macho. Shangazi huyo alikuwa wa kwao, dada wa marehemu baba yao, mtu wa masihara, mwenye simu ambayo betri yake ilikuwa na pumzi fupi. Mwalimu Mkuu alimwita wifi, na ndani ya kile chumba waliweza kuandikiana pembeni, wawili tu, bila wengine kuona.

Kisha akaingia mwenye saluni. Naye akaandika jina lake: Shangazi. Programu ikamjibu kwa adabu kwamba jina hilo lina mwenyewe, je, angependa Shangazi2?

Ujumbe wake wa kwanza kwa kundi zima ulisomeka hivi: "Hamjambo wote. Kwa mujibu wa mashine, mimi ni shangazi wa pili. Naomba nimjue wa kwanza ili nimwamkie."

Watu walicheka. Kitindamimba naye alicheka, lakini moyoni aliona haya. Kwa ukarimu wake akaongeza kijambo kidogo kwenye programu: jina ulilolitaka likiachwa wazi, upewe papo hapo bila kuomba tena. Alijisifu kwa hilo. Ni kama kumwekea mgeni kiti, alimwambia Ndevu. Ndevu aliacha kutafuna.

Katikati ya juma ndipo ilipozuka hoja ya vitambaa vya viti vya ukumbini. Mwenye saluni alitaka viti vifunikwe vitambaa vyeupe. Baada ya muda akataka vya rangi ya maziwa. Kisha akasema vitambaa ni ushamba, viti viachwe uchi. Kisha vyeupe. Kila uamuzi aliutuma kwa sauti, ndefu, draya zikivuma nyuma yake kama ndege inayoruka.

Jioni hiyo Mwalimu Mkuu alikaa mezani na miwani yake, akafungua maongezi yake ya pembeni na Shangazi, akaandika kwa vidole viwili, nukta na mkato mahali pake:

"Wifi, huyu shangazi wa binti ni redio iliyopoteza kitufe cha kuzima. Mara vyeupe, mara vya maziwa, mara hakuna, mara vyeupe tena. Tumwitikie ndiyo kwa kila kitu; siku ikifika, tufanye yetu."

Jibu lilikuja haraka: "Redio imepokea. Endelea kusikiliza."

Mwalimu Mkuu alicheka mpaka miwani ikamteleza. Wifi huyu! Akaandika, "Acha hizo, utaniua kwa kicheko," akatuma, na hapo mlango ukabishwa, akaingia wifi mwenyewe kwa miguu yake, anahema.

"Wifi, una chaja? Simu yangu imezima tangu mchana."

Mwalimu Mkuu aliitazama simu ya mkononi mwake. Akamtazama wifi. Akaitazama simu tena.

"Imezima?"

"Imekufa kabisa. Kwani kuna nini? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Kitindamimbaaa!"

Nyumba ile haikuwa imewahi kusikia sauti hiyo. Kitindamimba alitoka jikoni na mwiko mkononi, kaka mtu akatoka chumbani na suruali mpya yenye pini za fundi. Kitindamimba alisoma, akasoma tena, akaketi kwenye mkono wa kochi. Alielewa yote kwa mkupuo. Simu ya shangazi yao ilizima, chumba kikahesabu ametoka, jina likabaki wazi, na ule ukarimu wake ukamvisha mwenye saluni jina alilokuwa analingoja. Dirisha la pembeni la mama lilikuwa limefungwa kwa jina. Likaendelea kumwandikia jina, na jina lilikuwa limebadili mtu.

"Itoe," alisema Mwalimu Mkuu.

"Haitoki, Mama. Imeshafika."

"Mama," kaka mtu alisema, "niambie hukuandika 'tufanye yetu'."

"Nimeandika. Na nimeweka nukta mkato." Alijinyoosha kitini kama aliye mbele ya wakaguzi. "Mimi katika maisha yangu sijawahi kumsema mtu."

"Wifi," alisema wifi kwa upole, "kumbuka mimi ndiye huwa unaniambia."

Kaka mtu aliketi, pini zikamchoma, akasimama. Kwa uchungu huo akapata wazo: kila mtu aonekane kwa anwani yake halisi, ile ya posta yake, yenye jina lake kamili, na kosa halitarudi. Mwalimu Mkuu hakutaka hata kusikia. Humo chumbani kulikuwa na ndugu za binti wasiohesabika, mwenye ukumbi, mpiga picha na mtu wa keki. Anwani yake ya siri aigawe kwa mtu wa keki? Aanze kuandikiwa na kila mwanafunzi aliyewahi kurudishwa darasa naye?

"Basi nitakwenda mwenyewe saluni," alisema. "Nikamwombe radhi, jina la nyumba hii lisije likachezewa."

"Mama, maneno ni yako lakini njia ni yangu," alisema Kitindamimba. "Nitangulie mimi."

Mwalimu Mkuu alimpima kwa macho kuanzia juu hadi chini. "Nenda. Lakini vaa viatu vya maana."

Asubuhi yake Kitindamimba alisukuma mlango wa saluni akiwa amejikaza kisabuni. Kulikuwa na viti vinne mbele ya vioo, vyote vina wateja, na harufu ya mafuta ya nywele na maji ya moto. Mwenye saluni alisimama katikati, chanuo limechomekwa kwenye nywele zake, mnene wa kupendeza, macho mepesi.

"Aa! Mtoto wa Mwalimu Mkuu! Jamani, zimeni draya. Wasikilizaji wetu wapendwa, tuna mgeni studio."

Wateja waliangua kicheko. Ilionekana wazi habari ilikuwa imeshatangazwa. Kitindamimba alifungua mdomo kuomba radhi, yakatoka maelezo, kama kawaida yake. Alitwaa taulo, akaandika 'Dada' kwa penseli ya nyusi, akalitundika kwenye kiti cha dirishani. Akamwomba mteja aliyekaa hapo ainuke kwenda sinki, na mwingine, aliyesukwa nusu kichwa, akae mahali pake. Kisha akampa msusi karatasi ya kumpelekea "Dada". Msusi akaipeleka kitini, kwa yule wa nusu kichwa.

"Mnaona? Barua imefuata taulo! Aliyeandikiwa yuko sinki!"

"Mimi niko huku, sijapata kitu!" yule wa sinki alipiga kelele, povu limemjaa.

"Nimepata mimi!" alishangilia wa nusu kichwa. "Imeandikwa nini? Nimepata nini?"

Ikawa vurugu ya furaha. Kila mtu alitaka kuhama kiti. Kitindamimba alihema, mashavu yamewaka, akamgeukia mwenye saluni. "Kwa hiyo, Shangazi, Mama hakukuandikia wewe. Kabisa! Hakutaka hata uone!"

Mwenye saluni alichomoa chanuo kichwani. "Nikuelewe, mwanangu. Hakutaka kunisema usoni."

"Hakutaka!"

"Alitaka kunisema kisogoni."

Draya moja iliyosahauliwa ilinguruma pembeni.

"Binti," alisema wa nusu kichwa kwa huruma, "wewe ungenyamaza tu."

Hapo mwenye saluni alishindwa. Alianza na mabega, kicheko kikashuka tumboni, akashikilia meza, machozi yakamtoka, na saluni nzima ikacheka naye, na Kitindamimba akacheka kwa hofu, kisha kwa kweli.

"Sikiliza," mwenye saluni alisema alipopata pumzi. "Redio naikubali. Hawa mashahidi." Mashahidi waliitikia kwa vichwa haraka kupita adabu. "Hilo la 'tufanye yetu' nitamalizana na mama yako, ana kwa ana. Lakini lililoniuma si hilo. Yule mtoto nimemfunga kamba za viatu. Nimemkeshea akiumwa surua. Leo nafika kwenye harusi yake, mashine inaniambia mimi ni shangazi wa pili. Wa pili kwa nani?"

"Shangazi, haikuwa..."

"Jumamosi nikifika mlangoni kwenu, kabla sijakaa, nitafungua simu. Nikikuta naitwa Shangazi, nitakaa. Nikikuta namba, nitageuza. Na sitaki yule wenu avuliwe lake. Naye ni shangazi halali."

"Lakini mkiwa wawili wenye jina moja, ujumbe utamjuaje..."

"Mimi nasuka nywele, mwanangu. Mtunga sheria si wewe?"

Kitindamimba alirudi mbio, viatu vya maana mkononi. Duka la miwani lilimwona akipita kama upepo. Alipofika juu alisimama mlangoni.

"Ndevu, usicheke."

Ndevu alikuwa ameshaanza. Alicheka taratibu kama alivyozungumza, kicheko cha ngazi moja moja, na Kitindamimba akangoja mpaka kikafika chini. Kisha wakavuta viti.

Walifanya kazi siku hiyo na ya pili yake huku wakirukiana maneno. Mtu akiingia chumbani mara ya kwanza, chumba kimpe alama, herufi na tarakimu za bahati tu, isiyosema lolote juu yake. Alama hiyo ni yake humo daima. Simu ikizima, kiti chake kinabaki wazi na hakuna wa kukikalia. Akirudi, anarudi palepale. Akiwa na simu mbili, kama alivyokuwa nazo mwenye saluni, ni mtu mmoja na alama moja. Anwani yake ya kweli inajulikana na chumba peke yake, na mtu wa keki asiione. Na akienda chumba kingine apewe alama nyingine, ili mdaku asije akamfuata kutoka mlango hadi mlango.

"Na jina?" aliuliza Ndevu. Alitaka kulisikia likitoka kinywani mwa mwenzake.

"Jina ni nguo," alisema Kitindamimba. "Haya, umeridhika? Wawili wakivaa sare, ni hiari yao."

"Mama yako atawatofautishaje?"

Hilo lilimkwamisha. Alizunguka meza, akaruka waya, akarudi. Ghafla alipiga kofi kubwa hata Ndevu akamwaga chai.

"Yule si shangazi wa Mama! Shangazi ni kwangu mimi. Kwa Mama ni wifi. Na mwenye saluni kwa Mama ni mkwe. Ndevu! Nyumba nzima hatujawahi kumwita mtu mmoja jina moja, na hatujawahi kupotezana! Mtu ajiite apendavyo, anayemtazama amwite amwitavyo. Alama iko chini, haimsumbui mtu."

Ndevu alifuta chai kwa mkono wa shati. "Hilo," alikiri, "sikuwa nimelifikiria." Kitindamimba alicheza katikati ya waya, na safari hii Ndevu alitikisa bega moja.

Wakaituma rasimu kwa wenzao wa mbali. Katika mfano wake walikuwemo washiriki wawili, na wote wawili waliitwa Shangazi.

Jumamosi sebule iling'aa. Mwalimu Mkuu alivaa gauni lake la mahafali. Kaka mtu alikuwa amekaa wima, hana pini hata moja, lakini alikaa kama anazo. Muuguzi aliingia kwanza, macho chini. Nyuma yake alikuja mwenye saluni, akasimama kizingitini, akatoa simu mkobani. Kitindamimba aliuma kidole.

Mwenye saluni alitazama kwa muda mrefu. "Shangazi," alisoma. Akanyoosha shingo kwa shangazi wa upande wa pili. "Na wewe mwenzangu?"

"Shangazi," alijibu mwenzake, akimwonyesha simu iliyochomekwa ukutani kwa usalama. Wakakumbatiana kama waliopoteana utotoni.

Mwenye saluni akaketi. Kaka mtu alianza kutabasamu, ila mapema mno.

"Sasa, mkwe," alisema mwenye saluni, mkono gotini. "Lile la 'tufanye yetu'."

Mwalimu Mkuu alikuwa ameandaa hotuba, yenye utangulizi. Alisimama, akakohoa, na hotuba ikamtoka kichwani yote. Alimwona mwanawe, uso wa kijivu. Akachukua simu yake mezani. Akaandika kwa vidole viwili. Alitazama picha ya anayemwandikia, akasoma jina, 'Mkwe'. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Akabonyeza.

Mkoba wa mwenye saluni ukalia. Akasoma kimya, midomo ikicheza, kisha akapiga makofi.

"Jamani, tulieni! Taarifa ya habari!" Akaisoma kwa sauti: "'Mkwe, nimekukosea, na nimekosea kwa nukta mkato. Vitambaa ni vyeupe. Neno ni lako. Tafadhali redio isizime.'" Akaikumbatia simu kifuani. "Binti yangu nimemruhusu. Vigelegele!"

Kaka mtu aliruka, kichwa kikagonga taa ya darini, na chini ya taa inayobembea muuguzi akalia na kucheka kwa pamoja. Mashangazi wawili walipiga vigelegele kwa zamu, kila mmoja akitaka kuwa wa mwisho. Kitindamimba alimnyanyua mama yake juu, gauni la mahafali na yote, na Mwalimu Mkuu hakusema ashushwe.

"Ingawa," mwenye saluni alisema vurugu zilipopungua, macho yamepanda darini, "nimefikiri njiani. Vya rangi ya maziwa vingependeza zaidi."

Mwalimu Mkuu aliisukuma simu yake mbali kabisa, mpaka mwisho wa meza. Kisha akainama taratibu pembeni yake amnong'oneze wifi. Kabla ya kusema neno, aligeuza kichwa, akatazama kwanza lile sikio ni la nani.